Ifute Yote, Usibakize

Siku mliyoniaga pale ofisini Mbinga mliniomba niwaandikie makosa ya kuepuka katika kazi yetu ya kompyuta. Nadhani mlitarajia karatasi moja yenye vipengele kumi, ya kubandika ukutani karibu na kalenda. Nilijaribu kuiandika. Nilipofika kipengele cha nne niligundua kwamba vyote vinne vilikuwa kosa moja lililobadilisha nguo, na kwamba nilikuwa nikilizunguka kwa makusudi, kama mtu anayelizunguka kaburi asilotaka kusoma jina lake. Kwa hiyo nalieleza lenyewe. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu havikunifundisha lolote ambalo ninyi hamtajifunza wenyewe.

Nilianza kazi nikiwa karani wa kupiga chapa katika ofisi iliyohudumia wakulima wa kahawa. Kompyuta ya kwanza ilipofika ilifungiwa katika chumba chenye pazia na zulia, nasi tukaamriwa kuvua viatu mlangoni. Aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa fundi wa redio na mashine za chapa, Mzee Gotfrid. Hakuwahi kuiona kompyuta kabla ya siku hiyo, lakini alikuwa na bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa, na hakuwa na tabia ya kudai anajua asichokijua. Sifa hizo mbili zilimtosha mpaka alipostaafu.

“Shikamoo, Mzee,” nilimwamkia asubuhi niliyopelekwa kwake kujifunza.

“Marahaba, Sekunda. Vua viatu, halafu vua na huo woga. Kompyuta ni kama mama mkwe. Heshima ni lazima, ila huwezi kuishi mlango wa pili naye bila kumsalimia.”

Maganda makavu ya kahawa hutoa vumbi jepesi linalopenya popote. Kila Ijumaa mchana Mzee Gotfrid alifungua kasha la mashine, akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akapitisha brashi ndogo ya rangi, kisha kitambaa kikavu. Kazi hiyo aliiita kufuta mashine. “Umefuta?” angeniuliza. “Nimefuta, Mzee.” Na kila mara aliongeza swali la pili, ambalo liliniudhi: “Umefuta nini?” Nililazimika kutaja: feni, kasha, kibodi, nyuma ya skrini. Nilidhani ananidharau. Baada ya miaka mingi ya Ijumaa za namna hiyo, neno kufuta lilikuwa limekaa mkononi mwangu kabla ya kukaa kichwani: lilikuwa brashi, pampu na kitambaa.

Baadaye nilihamia kwenye taasisi iliyosimamia kompyuta za zahanati za Kitura, Ukata na Matiri, pamoja na kituo cha afya kimoja kilichoko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kituo hicho sitakitaja. Huko bondeni tatizo halikuwa vumbi. Kuna majira ambapo wadudu wadogo huinuka kutoka ziwani kwa wingi kiasi kwamba ukiwa mbali unaweza kusema kuna kijiji kinaungua juu ya maji. Upepo ukiwaleta nchi kavu hujaza taa, sufuria na pua za watu. Safari yangu ya kwanza kule nilifungua kompyuta ya maabara na kutoa wadudu waliokufa kiasi cha kujaza kiganja. Aliyenishikia tochi alikuwa Osmund, mhudumu wa maabara, mwenyeji wa hapo hapo, ambaye tulimwongezea jukumu la kutunza kompyuta kwa sababu tu hakuziogopa.

“Hawa, Mama, kwetu tunawala,” aliniambia akichungulia ndani ya kasha. “Ila hawa wa kwako wameshakaushwa na umeme, hawana ladha.”

Osmund alikuwa mtu wa kutekeleza. Ukimwambia hatua saba, hakuruka ya tano. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa kuwa mimi nililisahau pale lilipohitajika.

Nikiwa nimevuka miaka hamsini nilikwenda kusoma shahada ya uzamili. Tasnifu yangu ilihusu lugha ya maelekezo ya mifumo: nilidai kwamba watumishi hukosea kwa sababu maelekezo yameandikwa kwa lugha wasiyoiotea ndoto. Bado naamini hivyo. Nilirudi Mbinga na shahada, na ugonjwa ambao huwapata wengi wanaorudi na shahada, wa kudhani kwamba kulipa jambo jina sahihi ni sawa na kulimaliza. Nikaandika mwongozo wa Kiswahili kwa vituo vyote. Kila neno nililipima kwa wiki nzima. Neno “virusi” nililikataa, kwa sababu katika kituo cha afya neno hilo lina kazi nyingine nzito. Kwa macho yangu niliona mgonjwa mmoja, alipomsikia muuguzi akisema kompyuta ya kliniki imepata virusi, akanyanyua kiti chake na kuhamia upande wa pili wa chumba. Ili kuepusha mkanganyiko, programu zote haribifu niliziita “wadudu”. Na kitendo cha kuondoa kila kilichomo ndani ya diski, kwa hatua saba zisizorudishika, nilikiita “kufuta mashine”. Niliridhika sana na ufasaha wangu.

Nilifanya na jambo la pili. Kituo cha ufukweni kilikuwa kimeendesha kampeni ya uchangiaji damu, na wale waliokubali kuitwa wakati wa dharura waliandikwa katika kaunta buku: jina, kijiji, simu, kundi la damu. Daftari hilo lilikuwa wazi juu ya meza ya maabara, na yeyote aliyekuja kutoa choo kupimwa aliweza kusoma damu ya jirani yake. Nilisema hiyo si siri ya mtu, hilo ni tangazo. Nikaagiza majina yaingizwe kwenye kompyuta ya maabara, chini ya nywila, na daftari lichomwe katika tanuri la taka. Osmund aliingiza majina yote, akahakikisha mara mbili, akalichoma. Kwa kila hoja nilikuwa sahihi. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi mno na bado naikuta sahihi, na hicho ndicho kinachonitisha.

Alhamisi moja nilikuwa Matiri, nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya zahanati, mahali pekee ambapo simu ilishika. Osmund akapiga. Ninayakumbuka maneno yake na yangu kama yalivyo.

“Shikamoo, Mama. Mashine ya maabara imeingiwa wadudu.”

Nilitazama kalenda ya kichwani. Yalikuwa majira yenyewe.

“Marahaba. Wengi?”

“Wamejaa. Haiendi kabisa.”

“Mpaka ndani?”

“Mpaka ndani, Mama. Sijui nifanyeje.”

“Si nilikufundisha? Ifute.”

“Niifute yote?”

“Ifute yote, usibakize.”

Mtandao ukakatika. Jioni alinitumia ujumbe: “Nimefuta, Mama. Sasa inakwenda kama mpya.” Nikajibu: “Safi sana.”

Nawasihi mlisome tena zungumzo hilo mkiwa upande wake. Mtu fulani alikuwa ameleta nyimbo za kwaya katika flashi, na mafaili yote ya mashine yakafichwa yasifunguke, ingawa bado yalikuwemo ndani. Yeye alisema wadudu kwa maana ya mwongozo wangu; mimi nikasikia wadudu wa ziwani. Mimi nikasema ifute kwa maana ya Mzee Gotfrid. Yeye akasikia hatua saba za mwongozo wangu. Mwenye shahada alizungumza kama fundi wa pampu ya baiskeli, na mhudumu wa maabara akazungumza kama tasnifu. Kila mmoja alielewa kila neno, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, nilikuwa ofisini Mbinga alipopiga muuguzi mkunga wa kituo kile, Winfrida. Hakunisalimia. Nilimjua mwanamke yule kwa miaka, na hakuwahi kukosa kunisalimia.

“Mama Sekunda, naomba ile orodha ya damu. O hasi.”

“Iko kwenye mashine ya maabara.”

“Mashine haina kitu.”

“Haina kitu kivipi?”

“Mimi nitajuaje? Nina mzazi hapa. Amejifungua salama, sasa anatoka damu na haikati. Ni O hasi, na kwenye friji hakuna hata chupa. Daktari amesema ya chanya asipewe, mwili wake ulishaikataa kwenye uzazi uliopita, alinusurika. Gari la wagonjwa limepanda Mbinga na mgonjwa mwingine. Nipe majina.”

Mzazi huyo alikuwa Mwanahawa, mke wa mwenye duka la vitambaa pale sokoni. Mtoto wake wa tatu alikuwa na umri wa dakika arobaini. Osmund akapewa simu.

“Mama, ulisema niifute.”

“Nilisema ufute wadudu!”

“Ndiyo. Nilifuta, na wadudu wakaisha.”

Nilifungua kabati na kutoa diski ya nakala rudufu, ile yenye lebo ya mwandiko wangu mzuri. Ilikuwa na kila kitu cha kituo kile, kwa mpangilio wa kupendeza, hadi wiki moja kabla ya kampeni ya damu. Baada ya hapo programu ya kunakili ilikuwa imekwama, ikawa kila usiku inaandika “imekamilika” bila kunakili chochote. Nami kila Ijumaa nilisoma neno hilo na kutia saini. Sikuwahi hata mara moja kuifungua nakala kuona kilichomo.

Hapo nikatenda kosa ambalo kati ya yote ndilo ninalolionea aibu zaidi. Nilianza kuiokoa mashine. Nilimwambia Osmund aizime, asiandike chochote juu yake. Nikaanza kumwelekeza namna ya kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta ya mapokezi, ili tujaribu kuvuta mafaili yaliyofutwa. Nilikuwa nikisema kwa utaratibu, hatua kwa hatua, na moyoni nikikokotoa uwezekano: hatua saba zangu zilikuwa zimeandika juu ya diski nzima au nusu tu? Kama ni nusu, ni nusu ipi? Niliendelea hivyo kwa dakika kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu simu huhesabu, haina huruma.

Kwa mbali nilimsikia Winfrida akiita: “Shuka lingine! Hili limeloa!”

“Fungua skrubu ya pili, ile ya kushoto,” nikasema.

“Mama,” akasema Osmund, “mashine haitoi damu. Watu ndio wanatoa.”

Akakata. Hakuwahi kunikatia simu maishani mwake.

Yaliyofuata nayajua kwa kuwauliza baadaye, mmoja mmoja, kwa ukamilifu ambao nadhani uliwachosha. Osmund alisimama katikati ya maabara akafumba macho. Hakujaribu kukumbuka orodha. Alijua kwamba orodha hakuwa nayo kichwani. Alikumbuka vidole. Siku ya kampeni yeye ndiye aliyewachoma wote sindano ya kupima, na foleni ilipita mbele yake katika baraza ya madarasa ya shule ya msingi. Akaanza kuwapanga upya: nani alisimama nyuma ya nani, nani alilalamika, nani alicheka. Tone la O hasi huonekana, alinieleza, kwa sababu haligandi popote kwenye kigae cha kupimia, na kila alipoliona siku ile alinyanyua macho kumtazama mwenyewe. Kwa njia hiyo alipata nyuso tatu. Mmoja alikuwa amehamia Songea. Akapanda bodaboda kuwafuata wawili.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Alto, wa hesabu, ambaye Osmund alimkumbuka kwa sababu alizimia kabla ya sindano kumgusa. Alimkuta darasani.

“Mwalimu, damu yako inaitwa.”

“Leo? Nafundisha hesabu za sehemu hapa, hawajaelewa hata nusu.”

“Kuna mzazi anakufa, Mwalimu.”

Mwalimu aliweka chaki chini, akajifuta mikono kwa suruali, akasema: “Nitazimia. Nawaambieni mapema, nitazimia.”

“Uzimie ukiwa umelala. Sisi tunachotaka ni mkono tu.”

Wa pili, Mama Kandida, alikuwa akianika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja. Aliwatazama wawili hao juu ya pikipiki, mwalimu akiwa amepauka tayari kabla ya kufika kokote.

“Si mlisema mmeniandika kwenye kompyuta? Mlinipiga na picha. Mbona mnanijia kama wadai?”

“Kompyuta imesahau, mama.”

“Na wewe?”

“Mimi sikusahau.”

“Basi shuka hapo nikae mimi. Wewe utatembea. Na ole wenu, nikirudi nikute kunguru wamemaliza samaki wangu.”

Muda huo wote mimi nilikuwa mezani Mbinga na simu mbele yangu. Sikuthubutu kupiga, kwa hofu kwamba kupokea kwao kungemchelewesha mtu sekunde kumi. Niliyaandika pembeni ya karatasi maneno “wadudu” na “futa”, nikayatazama. Ni maneno ya kawaida. Mtoto wa darasa la kwanza anayajua. Nilihesabu muda wa kupima damu ya mchangiaji, kuilinganisha, kuitundika, nikapata jumla, nikaikagua jumla, nikaona kwamba imepita muda ambao mtu anaweza kuvuja damu na kubaki hai. Nikaanza kuhesabu upya, nikitafuta kosa. Sijawahi kuomba hesabu yangu iwe na kosa kama nilivyoomba asubuhi ile. Saa nne ikapita, na saa tano. Mwenzangu alileta chai, akaitazama sura yangu, akaondoka nayo.

Saa sita kasoro, ujumbe wa Winfrida ukaingia. Ulikuwa na neno moja: “Anaongea.”

Sikulia. Nilitapika, na hilo naliandika kwa sababu hakuna mwongozo wa kazi unaolitaja.

Ripoti ya tukio nilitakiwa kuipeleka ndani ya siku tatu. Rasimu ya kwanza ilisema: “Data zilifutwa kutokana na maelekezo kutofuatwa.” Niliisoma na kuona jinsi Kiswahili kinavyoweza kumficha mtu. Data zilifutwa. Na nani? Kauli ya kutendwa ni chaka zuri sana. Jihadharini nayo katika kila ripoti mtakayosoma, hasa mtakayoandika wenyewe. Tena haikuwa kweli: maelekezo yalifuatwa, yote saba. Rasimu ya pili ilisema “kosa la mtumiaji”. Nikijua kabisa kwamba maneno hayo matatu yangemwondoa Osmund kazini, niliyaacha kwenye skrini usiku mzima. Asubuhi nilichapa ukurasa huo na kuteremka nao ziwani.

Nilimkuta maabara, anapanga vigae. Nilimpa aisome. Alisoma polepole, akifuatisha kwa kidole.

“Mtumiaji ni mimi?”

“Hapo, ndiyo.”

“Na aliyesema ifute, mbona hajaandikwa?”

Akanirudishia karatasi, bila hasira, kama anavyorudisha majibu ya vipimo.

“Mama, mimi nitasaini lolote utakaloniambia nisaini. Unanijua. Ndiyo maana nakuomba uangalie unachoniambia.”

Niliketi kwenye kiti cha wagonjwa na kuandika ripoti upya kwa mkono, kwa nafsi ya kwanza umoja. Niliagiza daftari lichomwe. Nilisaini nakala nisizozifungua. Niliandika mwongozo uliolipa neno moja la nyumbani maana ya kiofisi, kisha mimi mwenyewe nikalitumia kwa maana ya nyumbani. Nilipoambiwa tatizo sikuuliza, “Unaona nini?” Mtu alipohitaji damu nilitafuta faili. Ilikuwa kurasa mbili, nami nikaitia saini pale pale mbele yake.

Kisha nikaenda wodini, kwa kuwa nilikuwa nimejiapiza sitapanda Mbinga bila kwenda. Mwanahawa alikuwa ameegemea mto, midomo bado imepauka, mtoto amefungwa khanga kifuani. Winfrida alisimama upande wa pili wa kitanda, ameshika faili lake. Nilijitambulisha. Nilimweleza yote, na nadhani nilieleza kwa kirefu kupita kiasi, maana alifumba macho katikati nikafikiri amelala.

“Kwa hiyo,” alisema macho yakiwa bado yamefumbwa, “wewe ndiye uliyefuta watu wangu.”

“Ndiyo.”

“Na sasa wako wangapi?”

“Wawili tunaowajua. Wengine tunawatafuta upya, kijiji kwa kijiji.”

Alifumbua macho. “Mimi je? Si damu ni ile ile?”

Winfrida akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. “Wewe huna hata ya kumpa mbu. Tena unanyonyesha. Labda mwaka upite, au zaidi.”

“Kwani mwaka haupiti?” Akanigeukia. “Kalamu unayo?”

Nilikuwa nayo. Sikuwa na karatasi nyingine ila rasimu ile ya pili, nikaigeuza upande mweupe.

“Andika,” alisema. “Mwanahawa, duka la vitambaa, sokoni. O hasi. Halafu nisomee ulichoandika.”

Nikamsomea.